Matete yanakula nini matopeni?



Hivi karibuni tulikuwa Ujiji na wanakisomo wa darasa moja la jioni. Somo lilikuwa mifugo midogo. Tulipofika kwenye chakula cha mbuzi, mama mmoja alinyosha mkono. Alisema: "Mwalimu, mimi mbuzi wangu nawakatia matete machanga kule mtaroni, chini ya pale wanapokaa mafundi wa betri. Yanastawi kweli kweli. Sasa jirani zangu wananiambia ati matete yale yanakula sumu. Je, ni kweli? Na kama yanakula sumu, mbona hayafi?"

Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza. Mzee mmoja, mvuvi wa siku nyingi, akajibu kabla yetu. Alisema matete ndiyo yanayosafisha maji ya ziwa, na kitu kinachosafisha hakiwezi kuwa kichafu. Kijana mmoja akambishia: "Mzee, ufagio je? Si unasafisha nyumba na wenyewe unachafuka?"

Hapo tukaona kwamba swali hili haliwezi kujibiwa kwa dakika tano. Tuliahidi kuliandika gazetini.

MATETE NI NYASI

Kwanza tuelewane juu ya mmea wenyewe. Tunaposema matete hatusemi mabingobingo yanayopandwa kwa ajili ya ng'ombe. Wala hatusemi mafunjo, yale yenye bua la pembe tatu na kichwa kama nywele zilizotimka. Matete ni yale marefu yenye bua lenye pingili, lililo wazi ndani, ambalo watoto hukata na kutengeneza filimbi. Yanaota ukingoni mwa ziwa, kwenye delta ya mto Luiche, na kando ya Malagarasi mpaka Ilagala. Marefu yake hupita kimo cha watu wawili, na mahali penye maji mengi hupita hapo. Jani lake lina ncha ngumu inayochoma. Kila aliyewahi kupita katikati yake bila shati anajua.

Matete ni ndugu wa mahindi, mpunga na muwa. Yote ni ukoo mmoja wa nyasi. Lakini mahindi huishi msimu mmoja tu, na matete huishi miaka mingi. Siri yake iko chini. Chimba uone. Utakuta shina nene linalotambaa ndani ya udongo, lina pingili, mfano wa tangawizi. Katika kila pingili hutoka mizizi kuelekea chini na chipukizi kuelekea juu. Mvua zikianza, chipukizi hizo hutokeza. Kiangazi majani ya juu hukauka na kuanguka, lakini lile shina la chini huwa bado hai. Matete huzaa mbegu pia, ila huenea zaidi kwa shina hilo. Kwa hiyo kichaka kizima unachokiona kinaweza kuwa mmea mmoja tu ulioenea.

Ndiyo maana ukiyachoma moto yanarudi, na ukiyafyeka yanarudi.

MADINI YANAINGIAJE?

Kila mmea hunywa maji kwa mizizi, na ndani ya maji yale mna madini yaliyoyeyuka. Hapa tunasema madini kwa maana ya vitu kama chuma, shaba, zinki, risasi na zebaki. Wataalamu huviita metali. Baadhi yake mmea unavihitaji. Bila chuma jani haliwi kijani, huwa la njano. Shaba na zinki pia zinahitajika, lakini kidogo sana, kama chumvi katika mboga. Zikizidi ni sumu. Risasi na zebaki hazina kazi yoyote katika mmea, wala katika mwili wa mtu.

Risasi tunayosema hapa si ile ya bunduki peke yake. Ni madini yale mazito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo wavuvi huyafahamu kwa sababu wengine huyafunga nyavuni ili zizame.

Tatizo ni kwamba mzizi hauna macho. Unapovuta maji, madini mabaya nayo huja pamoja na mazuri. Basi mmea hufanya nini? Mimea mingine haina kinga, hudumaa na kufa. Matete yana kinga, tena zaidi ya moja.

Siku ya pili ya somo letu tulikwenda ufukoni na wanakisomo wote. Tulichimba tete moja kwenye tope jeusi lenye harufu ya yai bovu. Tukalisuuza polepole. Kumbe mizizi yake haikuwa nyeusi kama tope! Ilikuwa na rangi nyekundu ya kahawia, kama msumari ulioshika kutu. Mama mmoja alisema, "Hii ni kutu." Na kweli ni kutu.

Tueleze imetoka wapi. Tope lililofunikwa na maji halina hewa. Mtu akizikwa humo hawezi kupumua, na mizizi vile vile. Lakini matete yana njia za hewa. Hewa huingia juu kwenye majani na mabua, hushuka kwa mifereji iliyo ndani ya bua, hupita katika lile shina la chini, na kufika kwenye ncha za mizizi. Hapo nyingine huvuja na kutoka nje. Chuma kilichoyeyuka katika tope kikikutana na hewa hiyo, hugeuka kutu na kuganda juu ya mzizi. Ni kama chuma cha jembe kinapokutana na hewa yenye unyevu.

Na kutu hii ina kazi. Ni kama ulimbo wa kunasia ndege. Madini mengine yanayopita, kama vile shaba, zinki na risasi, mengi hunasa hapo hapo, nje ya mzizi. Yale yanayofaulu kuingia hukutana na ukuta mwingine ndani ya mzizi, unaochuja kama bawabu mlangoni. Mengi hufungiwa humo humo, katika vyumba vidogo vidogo vya mzizi na vya shina la chini. Machache ndiyo hupanda mpaka kwenye bua na majani.

Basi hili ndilo jibu la kwanza kwa mama wa Ujiji. Hayafi kwa sababu sumu nyingi huzuiwa chini. Watafiti waliopima matete katika nchi nyingi, za baridi na za joto, wamekuta jambo hilo hilo: madini mengi yapo mizizini, machache yapo juu. Na katika yale yaliyopanda juu, majani makuukuu mara nyingi huwa na mengi zaidi kuliko machanga. Majani hayo hatimaye huanguka pale pale na kuoza, na madini yake hurudi matopeni.

Maana yake ni kwamba tete haliui sumu. Mtu akisema matete husafisha maji, asikuelekeze kudhani kwamba uchafu umekwisha. Uchafu wa choo na wa jikoni, ndiyo, huoza ukawa mbolea. Lakini risasi haiozi. Iliyoingia leo itakuwepo wajukuu zetu watakapokuwa wazee. Tete limeihifadhi tu, kama vile mtu anavyofungia kitu sandukuni. Ukivunja sanduku, kitu kinatoka.

UDONGO TOFAUTI, TABIA TOFAUTI

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Huona nyasi fulani, wakasema, "Nyasi hii ina sumu," au "Nyasi hii haina." Jina la nyasi halitoshi. Lazima uulize imeota wapi.

Tete lililoota kwenye tope jeusi, chini ya maji yaliyotulia, hukuta madini mengi yamefungwa na tope lenyewe. Ile harufu ya yai bovu ni alama yake. Madini yamekamatana na kiberiti kilicho ndani ya tope, hayayeyuki kwa urahisi, na mmea hauyapati sana. Sasa chukua tope lile lile, chimba mifereji, likaushe ili ulime. Hewa huingia. Kile kiberiti hugeuka kuwa na uchachu. Udongo ukiwa mchachu, madini hufunguka na kuanza kuyeyuka. Mimea itakayoota hapo, iwe tete, iwe mpunga, iwe mchicha, itayapata zaidi kuliko mwanzo. Tope halijaongezewa chochote. Limekaushwa tu.

Tete la ukingoni mwa mto, kwenye mchanga, ni habari nyingine. Mchanga haushiki madini kama mfinyanzi unavyoshika. Maji hupita na kuyachukua. Tete la hapo mara nyingi huwa safi zaidi, ila halistawi sana.

Kuna pia udongo wa chumvi. Wakazi wa Uvinza wanajua hayo, maana chumvi imechemshwa huko kutoka chemchemi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Matete huvumilia chumvi kuliko nyasi nyingi, lakini hubaki mafupi. Na chumvi ina tabia ya kufungua baadhi ya madini yaliyoshikwa na udongo, hasa kadimi, ambayo ni sumu ya figo.

Nyasi za kando ya barabara zilikuwa na balaa lake. Zamani petroli ilichanganywa risasi ili injini zifanye kazi vizuri. Moshi wa magari uliitua juu ya majani na udongo. Nchi zetu za Afrika kusini ya Sahara ziliacha petroli hiyo ilipofika mwanzo wa mwaka 2006. Hewa ikapona upesi, lakini udongo wa kando ya barabara kuu za zamani haukupona upesi hivyo, kwa sababu ile tuliyosema: risasi haiozi.

Na ng'ambo ya ziwa letu kuna mfano mkubwa kuliko yote. Ukivuka hadi Kalemie, kisha ukasafiri kusini mpaka Katanga, upande wa Kolwezi na Lubumbashi, utakuta vilima ambavyo miti haioti. Pande zote kuna miombo, lakini kilima chenyewe kina nyasi fupi na maua tu. Sababu ni shaba. Imejaa udongoni kiasi cha kuua miti. Nyasi chache zilizozoea, kizazi baada ya kizazi, ndizo zilizobaki, na nyingi huishi kwa njia ile ile ya matete, yaani kuzuia shaba isipande juu. Katika miaka ya 1950 na 1960 mtaalamu mmoja Mbelgiji, Paul Duvigneaud, aliandika sana juu ya mimea hiyo. Watafuta madini walikuwa wakiangalia maua na nyasi ili kujua pa kuchimba. Hata wachimbaji wa mambo ya kale wameutumia ua mmoja wa huko kugundua mahali wahunzi wa zamani walipoyeyusha shaba. Nyasi ilisoma udongo kabla ya mtu kusoma kitabu.

KWA NINI JAMBO HILI NI LETU

Msomaji anaweza kusema, "Sisi hatuna mgodi wa shaba hapa Kigoma mjini. Tuna dagaa na migebuka." Ni kweli. Nasi hatusemi kwamba matete ya Luiche yana sumu. Mtu hawezi kujua hilo kwa macho wala kwa kuonja. Hupimwa katika maabara, kama ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Lakini angalia mambo mawili.

La kwanza ni ziwa lenyewe. Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi na kina cha mita 1,470. Mito mingi inaingia. Unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na hautoi maji mengi. Maji mengi ya ziwa hutoka kwa njia ya mvuke, yakipandishwa na jua. Maji hupanda, risasi haipandi. Kinachoingia ziwani hukaa. Na ziwa hili linanywewa na watu wa nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Kizuizi cha mwisho kati ya mtaro wa mji na maji ya ziwa mara nyingi ni ule ukanda wa matete. Hunasa udongo unaoletwa na mvua, na pamoja na udongo hunasa madini.

La pili ni betri. Zamani wavuvi wa dagaa walitumia karabai. Siku hizi wengi hutumia taa za umeme wa betri. Ni jambo zuri, taa ni nafuu na haizimwi na upepo. Lakini betri hufa. Betri ya gari au ya pikipiki, zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na ndani ina maji makali ya tindikali. Tumeona betri kuukuu zimepasuliwa ufukoni na maji yake kumwagwa mtaroni. Maji yale ni ule uchachu tuliousema, na yamekwisha beba risasi. Tumeona pia mtu akiyeyusha risasi kwenye jiko la mkaa ili atengeneze chubwi za nyavu, na mtoto wake amekaa kando anaota moto. Hatutaki kumtia mtu aibu, tunasema tulichokiona. Moshi na vumbi la risasi huharibu ubongo wa mtoto, hata kabla hajazaliwa, na uharibifu huo haurudi nyuma. Kazi hiyo isifanywe nyumbani kabisa. Betri nzima ina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Iuzwe ikiwa nzima, isipasuliwe.

JINSI YA KUKATA

Matete ni mali. Tunajengea ua na vibanda vya kuogea, tunaezekea, tunalishia mifugo. Hakuna sababu ya kuacha kuyakata. Ila yapo makosa matatu tunayoyaona.

Kosa kubwa ni kukata chini ya maji. Kumbuka zile njia za hewa. Bua likikatwa na kuachwa limesimama juu ya maji, hata kama limekauka, bado hewa hupita humo kwenda mizizini. Ukilikata chini ya maji, umeziba pua. Shina la chini hukosa hewa na kuoza, na tope lililoshikwa na mizizi hulegea. Mawimbi hulichukua pamoja na kila kilichokuwa ndani yake. Kwa hiyo kateni wakati maji yamepungua, na muache kisiki kirefu, angalau urefu wa mkono juu ya maji. Wakati maji ya ziwa yalipopanda sana, miaka ya 2020 na 2021, tuliona nyumba za ufukoni zikizama. Matete nayo huzama namna hiyo, hasa yaliyokatwa mafupi.

Kosa lingine ni kung'oa mizizi ili kupata shamba mpaka kwenye maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Wakulima wa mpunga wa Luiche wanatuambia mita 60 ni nyingi kwa mtu mwenye kishamba kidogo. Tunawaelewa. Lakini wakumbuke tuliyoyaeleza juu ya tope linalokaushwa, na mpunga unaoota hapo ni chakula cha mkulima mwenyewe.

La tatu ni majivu. Watu hukusanya matete makavu, huyachoma, na majivu huyatia bustanini. Majivu ya matete safi ni mbolea nzuri. Lakini moto hauchomi risasi. Hupunguza lile rundo kubwa likawa kopo moja la majivu, na risasi nyingi iliyokuwa katika rundo sasa imo ndani ya kopo. Matete ya mtaroni yasichomwe kwa ajili ya mchicha.

Hapo mtu atauliza: kama matete yanazuia sumu hivyo, kwa nini tusiyapande makusudi? Wapo waliofanya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya majaribio ya kupitisha maji machafu katika mabwawa yaliyojazwa kokoto na kupandwa matete, matete haya haya ya kwetu. Maji hutoka upande wa pili yakiwa afadhali sana. Lakini bwawa kama hilo lina mwangalizi, na matete yake yanajulikana yakikatwa yanapelekwa wapi. Mtaro wa mtaani hauna mwangalizi.

TUMRUDIE YULE MAMA

Je, awalishe mbuzi wake matete yale? Tulimjibu hivi. Chipukizi changa mara nyingi huwa na madini machache kuliko mizizi na majani makuukuu, na hilo ni jambo jema. Lakini mtaro ule unapokea maji ya betri, na maji yale huruka wakati wa mvua na kuacha tope juu ya majani. Mbuzi hali jani peke yake, hula na tope lililoganda juu yake. Akila kidogo kila siku, risasi hukusanyika katika maini, figo na mifupa. Na mbuzi yule ana watoto nyumbani wanaongoja maziwa na nyama yake.

Alifikiri kidogo, akauliza, "Basi nikate wapi?"

Wenzake ndio waliomjibu, si sisi. Walimwambia kuna matete upande wa juu wa mto, kabla maji hayajaingia mjini, mwendo wa nusu saa. Alisema nusu saa kwenda na nusu saa kurudi na mzigo kichwani si mchezo. Yule mzee mvuvi akasema mwanawe hupita huko na baiskeli kila asubuhi, atamletea mzigo mmoja kwa kila safari, na mama atamlipa kwa maziwa. Walipatana pale pale darasani.

Tulipopita Ujiji tena tulimkuta na mbuzi wake wanne. Mafundi wa betri bado wako pale pale juu ya mtaro. Tulikaa nao, tukawasomea makala hii kabla haijachapishwa. Mmoja alikubali kuweka pipa la plastiki la kumwagia maji ya betri. Wengine walisema watafikiri.